Donge la Unga Chini ya Boneti

Kila Ijumaa baada ya swala ya adhuhuri, Masterji Inayat na fundi Gulfaraz walikaa uani na kuibadilisha injini ya ile FX nyeupe, na kila Ijumaa jua lilipozama, FX ilikuwa na injini yake ile ile. Waliibadilisha kwa mdomo na kwa kalamu. Masterji, aliyefundisha hesabu miaka thelathini na mmoja katika shule ya serikali pale Rawalpindi, alikuwa na daftari la miraba, na humo ndani mlikuwa na kila kitu: uzito wa injini, meno ya gia, upana wa rejeta, urefu wa kila mpira wa maji. Lilikuwa daftari la tatu. Mawili ya kwanza yalikwisha jaa zamani.

Sadaf, binti yake, alikulia ndani ya mpango huo. Alisinzia utotoni akisikia habari za turbo kupitia dirishani, na alijua kazi ya klachi kabla hajajua kusuka nywele zake mwenyewe. Sasa alikuwa na miaka thelathini na minne, ana mtoto wake wa miaka mitano, Zimal, na mume wake yuko kazini Sharjah mpaka Eid. Na bado kila Ijumaa alipika chai ya mpango, kama alivyoipika mama yake.

Mpango wenyewe haukuwa na fumbo. FX ni gari dogo la mwaka themanini na sita, lenye pua butu kama sanduku la viatu. Masterji alitaka kuling'oa injini yake ya kabureta na kuweka ya Kijapani yenye turbo, ndogo kwa umbo lakini yenye nguvu kuizidi ile kwa nusu na ushee. Ila kwa nje asijue mtu. Taili nyembamba zile zile. Kutu ile ile ya mlango wa nyuma. Hata kibandiko cha shule kwenye kioo kibaki.

"Nataka gari lenye staha," alikuwa akisema. "Likipita, watu waseme maskini, mzee wa watu. Halafu washangae wanakula vumbi la nani."

"Vumbi tunalila sisi, Masterji," Gulfaraz alijibu, akichovya biskuti. "Tangu enzi za kaseti tunalila."

Mwaka huu lakini mambo yalibana. Mwezi wa tatu daktari wa macho alimkalisha Masterji kitini, akamwangalia kwa muda mrefu kwa kile kijitaa chake, kisha akamwambia kwa upole kwamba ikifika Juni funguo za gari ampe mtu mwingine. Jicho la kushoto lilikuwa limekwisha. La kulia lilikuwa likimalizika. Masterji alirudi nyumbani, akaifuta vumbi FX kwa kitambaa cha flana, akaingia ndani.

Siku hiyo Sadaf alijiapiza. Kabla ya Juni, baba yake angeipandisha FX mpaka Murree, mji wa milimani, mwenyewe, kwa mikono yake, na hakuna ambaye angeshuka njiani.

Kwa sababu safari zote za utoto wake, walishuka. Kila mwaka shule zilipofungwa walitoka Pindi, ndiyo Rawalpindi, alfajiri, baba yake, Abbu, kwenye usukani, mama yake, Ammi, pembeni na chupa ya chai mapajani, Sadaf nyuma na godoro na kapu la kabab. Mpaka kijiji cha Tret mambo yalikuwa mazuri. Juu ya Salgran, palipokuwa na kona moja iliyojikunja na kupanda kama ngazi, FX ilianza kukohoa. Mshale wa joto ulipanda. Abbu alisimama, akashusha pumzi, akasema bila kumtazama mtu: "Shukeni kidogo. Tupunguze uzito."

Ammi alikuwa mwanamke wa mwili mkubwa. Alishuka akicheka. "Sema ukweli, nishuke mimi," alisema, akashika mkono wa Sadaf, wakatembea. Abbu alipita akiwa peke yake ndani, gia ya kwanza, uso umemwiva kwa aibu. Wakimfikia, alikuwa kwenye kibanda cha chai kule juu, boneti wazi, akimwagia rejeta maji, na kila mwaka alisema neno lile lile: "Mwakani, Naseem. Mwakani nakupandisha umekaa kama malkia."

Mwakani ilikuja mara ishirini na mbili. Kisha magoti ya Ammi yakakataa, safari zikakoma. Kisha, majira ya baridi miaka sita iliyopita, Ammi mwenyewe akaondoka.

*

"Leo tunakwenda sokoni," Sadaf alisema Ijumaa ya kwanza ya Aprili, kabla chai haijapoa. "Chacha Gulfaraz amesema injini iko. Tunakwenda kuiona, sote." Chacha, yaani ami, ndivyo alivyomwita fundi tangu utotoni.

Masterji alivaa miwani, akavua, akavaa tena. "Leo kuna joto."

"Joto liko hapa pia, Abbu."

Soko la vyuma la Chah Sultan lilikuwa limejaa kama kawaida, pua za magari ya Kijapani zilizokatwa zikiwa zimepangwa ukutani moja juu ya nyingine, taa zao zikitazama watu. Haji Mukhtar, muuza injini, alipomwona Masterji alipiga makofi.

"Oho! Mposaji kaja tena! Jamani leteni kiti. Kila mwaka anakuja huyu mzee, anakunywa chai yangu, anamkagua binti meno na visigino, halafu anasema tutawapigieni simu. Masterji, binti zangu wanazeeka!"

"Binti zako wanavuja mafuta," Masterji alisema.

"Huyu havuji. Huyu katulia. Mtazame."

Injini ilikuwa sakafuni juu ya matairi mawili, ndogo, safi, silinda tatu, turbo imejibana ubavuni kama konokono. Haji Mukhtar alining'iniza chupa ya petroli kwenye msumari, akaunganisha betri. Injini ilishika mara moja. Gulfaraz alichuchumaa, akaweka ncha ya bisibisi kwenye chuma na mpini sikioni, akafumba macho. Baada ya muda alimpa Masterji bisibisi.

Masterji alisikiliza. Sadaf alimwona kidevu kikimcheza kidogo. Alijua uso ule. Ndio uliokuwa ukimjia kila mara mwanafunzi dhaifu alipopata jibu sahihi ubaoni.

"Ni nzima," Masterji alisema hatimaye. "Nzima kabisa." Akainuka, akajipangusa magoti. "Ila boneti haitafunga."

"Ya Rabi," akasema Haji Mukhtar.

Masterji alikwisha fungua daftari. Injini hii, alisema, ina kipoza hewa cha turbo kimekaa mgongoni kwake. Ikiwekwa, itasimama juu kuliko ya zamani kwa sentimita nane. Na nafasi iliyopo kati ya injini ya zamani na boneti ni sentimita nne. Nne kutoa nane. Labda boneti itobolewe tundu, na ikitobolewa tundu, gari lote limevuliwa nguo barabarani. Kila kijana mwenye pikipiki atajua lina nini.

"Basi tutoboe," Sadaf alisema.

"Sitoboi."

"Kipoza hewa tukihamishe mbele, nyuma ya grili," Sadaf akasema. Alikuwa akisikiliza dirishani miaka yote hiyo si bure.

"Mbele rejeta itakosa upepo. Nimeshapiga hesabu."

Gulfaraz alikuwa akiifuta bisibisi kwa ncha ya kanzu yake, polepole, kama mtu anayefuta kijiko cha fedha. Haji Mukhtar alizima injini.

"Haya," alisema. "Mtatupigia simu."

*

Jumanne yake Sadaf alikuwa jikoni anakanda unga wa chapati za mchana, na mkono ukasimama katikati.

Kuna ujanja mmoja wa gereji za Pindi ambao hata Ammi aliujua, kwa sababu unga wake ulitoka jikoni kwake. Fundi akitaka kujua nafasi iliyoko chini ya boneti hana haja ya vipimo vya kifahari. Anaomba donge la unga mbichi nyumba ya karibu, analiweka juu ya injini, anafunga boneti mpaka ibane, anafungua. Unga uliobanwa ndio nafasi. Unaupima kwa rula, basi. Ammi alizoea kulalamika: "Wengine waume zao wanaleta mgeni wa ghafla. Wangu anakuja na gari, nalo linakula chapati mbili."

Sadaf alichukua donge, kubwa kama ngumi zake mbili, akatoka uani na futi ya kushonea shingoni. Hakuwa na shaka na daftari. Nani angelishuku? Alitaka tu kuona kama pangepatikana nusu sentimita mahali fulani, uzi wa matumaini, kitu cha kumpelekea Gulfaraz. Aliliweka donge palipo juu kabisa ya injini, akashusha boneti, akaibana kwa uzito wake wote. Zimal alikuwa pembeni, kidole mdomoni.

"Mama, gari lina njaa?"

"Sana."

Alifungua. Akapima. Akatazama ile futi kama imemtukana, akapima tena.

Tisa.

Alichukua donge lingine, akarudia. Tisa. Akaingia chumbani kwa baba yake, akafungua kabati, akatoa daftari la kwanza, lile la mwaka tisini na sita, kurasa zimegeuka rangi ya chai. Mwandiko ulikuwa umenyooka kama mstari wa askari: *Nafasi chini ya boneti, kwa unga: sm 9.* Daftari la pili: tisa. Daftari la tatu, lililoanzwa majira yale ya baridi Ammi alipozikwa, ukurasa wa kwanza: *sm 4.*

Huyu alikuwa mtu ambaye katika miaka thelathini na mmoja hakuwahi kufuta namba ubaoni kwa kukosea. Sadaf alikaa ukingoni mwa kitanda. Mambo mengi ya miaka sita yakamrudia moja moja: klachi iliyokuwa "haifai," giaboksi iliyokuwa "na mlio," injini ya mwaka juzi iliyokataliwa kwa rangi ya mafuta yake. Baba yake hakuwa akitafuta injini. Alikuwa akiikimbia.

*

Masterji alizoea kukaa ndani ya FX nyakati za alasiri, mlango wazi, miguu nje, kama wengine wanavyokaa barazani. Sadaf aliingia upande wa pili, kiti cha Ammi, akaweka lile donge lililobonyea juu ya dashibodi.

"Abbu, nafasi chini ya boneti ni ngapi?"

"Nne. Imo daftarini."

"Hili limetoka chini ya boneti sasa hivi. Lipime."

Masterji aliitazama ile futi aliyonyooshewa, asiishike. "Unga umevimba. Na joto hili."

"Unga wa chapati hauna hamira, Abbu."

Uani kuku wa jirani walikuwa wakiparura.

"Basi nilikosea."

"Wewe? Wewe uliyemnyima mtoto wa jirani alama kwa sababu aliandika kumi na mbili akasahau kuandika sentimita?"

Masterji alishika usukani kwa mikono yote miwili, mahali pale pale mikono ilipokwisha ifuta rangi yake. Alipoongea hakumtazama.

"Muulize Gulfaraz, kazi yote ni siku ngapi."

"Alishasema. Sita."

"Sita." Alitikisa kichwa. "Siku sita, Sadaf. Mama yako alitembea ile kona miaka ishirini na miwili. Mimi nilitaka iwe kamili. Mara gia, mara breki, mara ngoja ije nzuri zaidi. Nilikuwa nikifurahia zile Ijumaa, ndiyo kweli yake. Alipougua magoti nikasema tutakwenda na letu, si kwa basi la watu. Miaka minane alikuwa akiniuliza, injini imefika wapi? Nami namwambia, karibu. Leo niiweke, siku sita, ipande ile kona kama si kitu. Nitakuwa nimemwonyesha nini? Kwamba ilikuwa rahisi hivyo?"

Sadaf alitaka kusema *si kosa lako,* maneno yakafika kinywani, akayaona mepesi. Yangempitia mzee kama upepo.

"Ile miaka minane siwezi kukufutia, Abbu," alisema. "Na mimi nilikuwepo. Ningekodi teksi nikampeleka. Nilikaa nangoja injini kama nyinyi."

Alimwona baba yake akigeuka, mara ya kwanza.

"Lakini ile ishirini na miwili huijui," akaendelea. "Wewe ulikuwa ndani ya gari. Uliona mtu anashushwa. Mimi nilikuwa naye nje. Unajua alikuwa akifanya nini ukikata kona tu? Anavua viatu. Anaviweka kwapani. Anashusha dupatta, mtandio wake wa kichwani, mabegani. Tulikuwa tunakaa kwenye ule ukuta wa mawe, anatoa lukati alizonunua njiani pale Chattar, zile ulizokuwa ukisema zimeisha..."

"Zilikuwa hazijaisha?"

"Alizificha kwenye mkoba. Tunakula, tunashindana kutema kokwa bondeni. Yake inafika mbali, yangu inaanguka miguuni. Nikiwa na miaka tisa aliniambia, nakumbuka kama leo: usimwambie baba yako, lakini mimi naomba hiyo injini isipatikane upesi. Mwaka mzima, hapa tu ndipo ninapotembea bila mtu kuniuliza chapati ziko wapi."

Masterji aliachia usukani.

"Alisema hivyo? Naseem?"

"Kwa mdomo uliojaa lukati."

Kitu kilimtoka mzee kifuani, Sadaf hakujua ni kicheko au ni kilio, na labda na yeye hakujua. Alitoa kitambaa, akafuta miwani, akafuta macho, akafuta na dashibodi palipokuwa na unga.

"Ndiyo maana," alisema baadaye, "kila mara nilikuwa namaliza vikombe viwili vya chai ndio mnafika. Kona ya dakika kumi."

Kisha akalichukua lile donge, akalipima mwenyewe kwa ile futi, macho karibu yaguse unga.

"Tisa na robo," alisema. "Ulibana sana upande mmoja. Mwite Gulfaraz."

*

Gulfaraz alikuja kesho yake na winchi ya mnyororo na kofia yake ya sufu, Aprili au si Aprili. Alipoonyeshwa donge hakushtuka hata kidogo.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?" Masterji alisimama wima.

"Masterji, mimi nimefungua na kufunga boneti za FX zaidi ya nywele ulizobakiza. Unadhani sijui nafasi yake? Nne!" Akapuliza puani. "Nne ni nafasi ya kifuniko cha birika."

"Miaka sita unajua, hukusema?"

"Ningesema, Ijumaa ningekunywa chai wapi?" Gulfaraz alijishughulisha na mnyororo. Kisha, kwa sauti ya chini: "Na wewe ungekaa na nani?"

Masterji alimshikia ngazi.

Ilichukua siku sita, kama ilivyokuwa imesemwa tangu mwaka tisini na sita. Siku ya kwanza injini ya zamani ilinyanyuliwa ikining'inia hewani, nyeusi, ndogo kuliko Sadaf alivyoidhania. Iliposhushwa chini ile injini kongwe, Masterji aliigusa kwa kiganja kama anavyogusa mtu paji la uso la mgonjwa. Hakuiuza. Ilifunikwa gunia, ikawekwa chini ya ngazi. Siku ya pili na ya tatu wakachomelea vishikizo vipya. Siku ya nne breki, kwa sababu Masterji alikataa katakata gari likimbie kabla halijajua kusimama, na hilo lilikuwa limeandikwa katika madaftari yote matatu na kupigiwa mstari. Siku ya tano mabomba, na kelele, na Gulfaraz kumwambia Masterji aondoe miwani yake ndani ya injini. Siku ya sita boneti ilishushwa. Ikalia *klak,* ikafunga.

Kwa nje ilikuwa FX ile ile ya mwalimu mstaafu. Namba mpya ya injini ikaandikishwa kwenye kitabu cha gari, ili ile staha isije ikaifichia siri hata serikali, na Jumapili ya kwanza ya Mei wakatoka Pindi alfajiri: Masterji kwenye usukani, Sadaf pembeni na chupa ya chai mapajani, Zimal nyuma na kapu.

Chattar walinunua lukati, vile vitunda vya njano vyenye kokwa kubwa, mafungu mawili. Kwenye foleni ya kutokea pale, gari kubwa jeusi aina ya jipu, lenye taili kama za trekta, lilisimama ubavuni. Vijana wanne ndani. Mmoja alishusha kioo.

"Chacha! Hiyo inakunywa petroli au inakula majani?"

"Majani," Masterji alisema kwa unyenyekevu. "Ila siku hizi majani yenyewe ghali."

"Ukikwama tuite, tutakusukuma!"

"Mungu awape maisha marefu, wanangu."

Sadaf aliuma shavu kwa ndani. Baada ya Tret barabara ilifunguka na kunyooka, inapanda, haina gari mbele. Jipu lilikuwa limetangulia. Masterji alishusha gia moja, akakaa sawa, akasema "Bismillah" kama mtu anayeanza kula, akakanyaga.

Turbo ilivuta pumzi. Kulikuwa na nusu ya sekunde ambayo hakukutokea kitu, kisha kiti kikamsukuma Sadaf mgongoni, Zimal akapiga ukelele wa furaha, na lile jipu jeusi likaanza kurudi nyuma kwenye dirisha, polepole, taili, mlango, kioo, uso wa kijana mmoja uliosahau kufunga mdomo. Masterji alimpungia mkono kwa adabu.

"Umeona, Babu! Tumewapita!"

"Nani? Sikuona," Masterji alisema. "Macho yangu haya." Masikio yake yalikuwa mekundu kwa raha.

Salgran ikaja, ikapita. Mshale wa joto ulikuwa umelala nusu, hata haukugeuza kichwa. Sadaf aliiona kona ikitokea mbele, ule ukuta wa mawe, ile misonobari. Hapa ndipo. Dakika moja, na wangepita wote wamekaa kama malkia.

Masterji alipunguza mwendo. Alitia breki. Akaiegesha FX pembeni, mwanzo kabisa wa kona, injini ikinguruma kwa utulivu.

"Abbu? Kuna nini? Macho?"

"Macho ya leo ni mazima." Alivuta breki ya mkono. "Zimal, shuka. Gari limechoka."

"Halijachoka, Babu. Linanguruma kama simba."

"Limechoka. Lazima tupunguze uzito." Alifungua mlango, akashuka yeye mwenyewe, akashika paa kujiegemeza. Kisha akainama dirishani kwa Sadaf. "Hamia huku. Gia ya kwanza, usilikimbize, likaona ni mchezo. Utusubiri kwenye chai."

Sadaf alimtazama. "Na wewe?"

"Mimi kona hii sijawahi kuiona nikiwa kwa miguu," Masterji alisema. "Nipe huo mkoba wa lukati."

Jipu jeusi liliwafikia wakati huo, honi mpaka mwisho, vijana wanatoka madirishani. "Si tulisema, Chacha! Si tulisema tukusukume!" Masterji aliwainulia mikono, maskini, mzee wa watu, gari bovu, na Sadaf hakuwahi kumwona ameridhika namna ile.

Alihamia kwenye usukani. Ulikuwa na joto la viganja vyake. Akaachia klachi taratibu, FX ikapanda kona ile bila hata kujikaza, na yeye akiizuia, akiizuia, kwa ajili ya kioo. Kiooni aliwaona wawili wakija nyuma. Mzee alisimama. Alimshika mtoto bega, akavua kiatu kimoja, akavua cha pili, akaviweka kwapani. Zimal naye akakaa chini kuvua vyake. Kisha wakatia lukati midomoni, wakageukia bonde, vichwa vikarudi nyuma kwa pamoja, na vikaja mbele kwa nguvu.

Kona ikawafunika.

Kwenye kibanda cha chai Sadaf aliegesha pale pale, chini ya ubao uleule uliokuwa ukipakwa rangi mpya kila mwaka. Alizima injini. Hakukuwa na mvuke, wala harufu, hata tone moja chini. Alishuka, akazunguka mbele, akafungua boneti na kuisimamisha kwa kile kijiti chake.

Mwenye kibanda alitoka na taulo begani, akatazama gari, akamtazama yeye kwa huruma.

"Limechemka, dada?"

"Limechemka," Sadaf alisema. Akavuta kiti, akakiweka upande wa barabara, kinapotazama kona. "Nipe chai moja, kaka. Hili mpaka lipoe ni nusu saa."